Kupima athari za afya kudhoofika kwa mgonjwa na familia yake: vipimo gani, na nani ajibu?

Kipimo_Kaya ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa ufuatiliaji wa kaya 150. Kila kaya ina mtu mzima mmoja ambaye afya yake imeanza kuzorota kwa ugonjwa wa muda mrefu: kiharusi, moyo, kisukari kilichokwishagusa macho na miguu, au kupoteza kumbukumbu. Tutazitembelea mara tatu: mwanzoni, mwezi wa 6 na mwezi wa 12.

Rasimu tuliyonayo ni dodoso moja la maswali 94 ambalo linajibiwa na mkuu wa kaya. Swali tunalolitegemea zaidi ni hili: "Kuanzia 1 hadi 10, afya ya mgonjwa imeiathiri familia kwa kiasi gani?" Katika majaribio, karibu kila kaya ilijibu 8 au zaidi.

Naomba mwongozo kwa mambo haya. Tutumie vipimo gani kwa mgonjwa, na vipi kwa familia? Mgonjwa ajibu mwenyewe au ajibiwe? Saa za kuuguza zinahesabiwaje bila kubahatisha? Na mwisho, wafadhili wanataka namba moja inayoonyesha hasara ya kaya nzima. Inawezekana?

---

Ngazi_Tano amejibu:

Ndugu, hilo swali la 1 hadi 10 liondoe kabla ya yote. Unamtaka mtu ajumlishe kichwani maumivu ya mgonjwa, uchovu wa anayemuuguza, fedha zilizotoka na hofu ya kesho, kisha akupe tarakimu moja. Kila mmoja atajumlisha kwa njia yake. Isitoshe, kaya zikianza na 8 zimebakiza hatua mbili tu za kupanda. Zimeshagonga dari. Mwezi wa 12 utaona mstari ulionyooka hata pale ambapo hali imekuwa mbaya maradufu.

Kwa mgonjwa pima vitu vitatu tofauti: anavyoyaona maisha yake, anachoweza kufanya, na mwili wenyewe.

Kwa la kwanza, EQ-5D-5L inatosha. Ina maswali matano: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu au usumbufu, na wasiwasi au sonona. Kila swali lina ngazi tano za majibu, hivyo hali zinazoweza kuandikwa ni 3,125. Toleo la zamani la ngazi tatu lilikuwa na hali 243 tu, na lilishindwa kuona mabadiliko madogo. Kisha kuna kipimio cha wima cha 0 hadi 100, ambacho mtu huonyesha hapo afya yake iko wapi. Majibu yanaandikwa kama msimbo: 11111 ni mtu asiye na shida yoyote, 21342 ni mwenye shida kidogo ya kutembea, hana shida ya kujihudumia, na kuendelea. Msimbo huo hugeuzwa kuwa thamani kwa jedwali la nchi husika, ambapo 1 ni afya kamili na 0 ni sawa na kifo. Hali mbaya sana hushuka chini ya 0, kwa hiyo usishangae ukiona hasi wala usiifute ukidhani ni kosa la kuingiza data. Matumizi yanahitaji kusajiliwa kwa EuroQol, kundi lililoanzishwa 1987 na ndilo linalotoa tafsiri rasmi. Usitafsiri mwenyewe.

Kwa anachoweza kufanya, tumia Katz na Lawton kwa pamoja. Hapa ndipo wengi hukosea. Katz, ya 1963, inapima mambo sita ya msingi: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka na kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kuzuia haja, na kula. Lawton, ya 1969, inapima manane: simu, manunuzi, kupika, usafi wa nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Uwezo hupotea kwa mpangilio. Yale ya Lawton hutangulia kwenda, na fedha na dawa huwa mwanzoni hasa kwa anayepoteza kumbukumbu. Ndani ya Katz, kuoga huondoka mapema na kula hubaki hadi mwisho. Ukitumia Katz peke yake, mtu asiyeweza tena kupanga vidonge vyake wala kuhesabu chenji bado atapata 6 kati ya 6, na utaandika kwamba yuko salama.

Katika Lawton ongeza jibu la tatu: "hakuwahi kuifanya kazi hii". Mtu ambaye maisha yake yote hakupika hajapoteza uwezo wa kupika. Usipoliweka, nusu ya sampuli itaonekana imedhoofika siku ya kwanza.

Kwa mwili, chukua mwendo wa mita 4. Weka alama mbili za mita 4, acha mita 1 au 2 kabla ya alama ya kwanza na baada ya ya pili ili asianze wala asisimame ndani ya kipimo, na umwambie atembee kama anavyotembea siku zote. Fimbo inaruhusiwa, ila iandikwe, na itumike ileile kila ziara. Anayechukua sekunde 5 ana kasi ya mita 0.8 kwa sekunde, na chini ya hapo huhesabiwa kuwa uwezo mdogo. Kasi ikishuka kwa 0.1 hayo ni mabadiliko makubwa, na 0.05 ni madogo lakini yana maana. Kosa la kawaida ni kumhimiza: "twende, twende!" Ukishamhimiza umepima juhudi zake, na mwendo wake wa kila siku hujaupata.

---

Shuka_Safi amejibu:

Nakubaliana na Ngazi_Tano kuhusu mgonjwa. Mimi nina la kusema kuhusu anayeuguza, kwa sababu ndiye anayesahauliwa na rasimu yako. Mkuu wa kaya si lazima awe ndiye anayeamka usiku kumgeuza mgonjwa. Mara nyingi siye. Ukimuuliza yeye utapata habari nzuri za fedha na habari hafifu za kila kitu kingine.

Anza kwa orodha ya watu: nani anamuogesha, nani anampa dawa, nani anampeleka kliniki, nani anakaa naye. Mwenye kazi nyingi zaidi ndiye mhojiwa wako wa pili, na jina lake lifuatiliwe hadi mwezi wa 12. Akibadilika, andika tarehe na sababu, kwa maana kubadilika huko ni matokeo kamili ya utafiti. Mtu ameachia kazi ya kuuguza kwa kuwa ameugua, ameolewa, amepata ajira au amechoka. Kila sababu inasema jambo lake.

Mpe dodoso la Zarit la maswali 22. Kila swali ni 0 (kamwe) hadi 4 (karibu kila wakati), jumla 0 hadi 88. Kwa kawaida 0 hadi 20 husomwa kuwa mzigo mdogo, 21 hadi 40 mwepesi hadi wa wastani, 41 hadi 60 wa wastani hadi mzito, na 61 kwenda juu mzito sana. Mipaka hii isikutawale. Kwenye ufuatiliaji, alama 38 iliyotoka 19 ina habari kubwa kuliko 45 iliyokuwa 45 mwaka mzima. Lipo toleo fupi la maswali 12 kama muda haupo.

Zarit haijibiki mbele ya mgonjwa. Maswali yake yanagusa hasira, aibu na kutamani kuondoka. Mwenye kuuguza akisikiwa na mgonjwa, au na mama mkwe aliye chumba cha pili, atasema 0 kwa yote. Ukiona Zarit ya 3 kwa mtu anayeamka mara nne kila usiku, mtazame mhojaji alikaa wapi.

Kuna pia ndugu wasiouguza lakini wanaumia: mtoto anayesoma mbali, mume ambaye kazi ya kumuuguza mkewe imechukuliwa na dada wa mke. Athari ni mbili, na hazifanani. Moja inatokana na kazi ya kuuguza. Nyingine inatokana na kumpenda mtu anayedhoofika, hata kama hujamshika mkono. Kwa hawa tumia FROM-16: maswali 16, kila moja 0 hadi 2, jumla 32, na linaweza kujibiwa na mwanafamilia yeyote. Mhoji angalau mmoja asiyeuguza katika kila kaya. Bila yeye huwezi kutenganisha athari hizo mbili, na utashauri msaidizi wa nyumbani pale ambapo shida ni majonzi.

Saa za kuuguza. Gawa mafungu matatu: kuuhudumia mwili (kuogesha, kulisha, kugeuza), kazi za nyumbani zilizoongezeka, na kuangalia tu asianguke au asitoke. Fungu la pili huliwa na kosa moja: anayepika kwa ajili ya watu sita angepika hata kama hakuna mgonjwa. Uliza ziada: "Kabla hajaanza kuumwa kazi hii ilikuchukua muda gani? Sasa je?" Kisha toa. Fungu la tatu huingiliana na mengine, kwani mtu anaweza kufua huku akimwangalia mgonjwa. Liandike pekee, na usilijumlishe na mawili ya kwanza bila kuondoa muda uliogongana. Weka kikomo pia, kwa mfano masaa 16 kwa siku kwa mtu mmoja. Usipoweka utakutana na majibu ya masaa 24 kwa siku saba, ambayo yana ukweli wa moyo lakini yataharibu wastani wako wote.

Na usiku usiupime kwa masaa. Hesabu mara alizoamshwa. Dakika kumi mara nne ni dakika 40 kwenye karatasi, na ni usiku mzima bila usingizi.

Kwa afya yake mwenyewe, mpe EQ-5D-5L ileile anayopewa mgonjwa, na PHQ-9, dodoso la dalili za sonona. Hii ya pili inauliza wiki mbili zilizopita, jumla ni 0 hadi 27, na 10 kwenda juu anahitaji kuonwa na mtaalamu. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kabla ya ziara ya kwanza kila mhojaji awe na utaratibu ulioandikwa: akijibu zaidi ya 0, nani anapigiwa, ndani ya muda gani, na nani anabaki naye. Kama utaratibu huo haupo, usiulize swali hilo.

---

Mizania amejibu:

Upande wa fedha, kwa ufupi.

Matibabu ya nje uliza wiki nne zilizopita, kulazwa uliza miezi 12. Ukichanganya vipindi, kulazwa kutapotea au matibabu ya nje yatabuniwa. Kipimo kinachotumika sana ni matumizi ya afya kutoka mfukoni yakizidi asilimia 10 ya matumizi yote ya kaya, au asilimia 25 kwa ukali zaidi. Ndicho kilichokuwa katika kiashiria namba 3.8.2 cha malengo ya maendeleo endelevu hadi kilipobadilishwa mwaka 2025. Kuna kingine cha asilimia 40 ya uwezo wa kulipa, yaani kinachobaki baada ya mahitaji ya lazima kama chakula.

Vipimo vyote hivi vina upofu mmoja, na kwa kaya zenye mgonjwa wa muda mrefu upofu huo ni mkubwa. Aliyeacha dawa kwa kukosa fedha anaonekana ametumia sifuri, kwa hiyo yuko salama kwenye jedwali. Lazima uongeze swali: "Katika miezi 6 iliyopita kuna tiba, kipimo au dawa mliyoiacha kwa sababu ya gharama?" Soma majibu ya swali hili pamoja na asilimia ya matumizi, kamwe usiyatenganishe.

Upofu wa pili: kaya iliyokopa au kuuza mali ili ilipie hospitali ina matumizi makubwa mwezi huo, hivyo asilimia inaonekana ndogo kuliko uchungu wenyewe. Andika chanzo cha kila malipo: akiba, mkopo, mali iliyouzwa, msaada wa ndugu. Kwa mali, uliza kama ilikuwa chombo cha kuzalisha. Kuuza cherehani ya fundi ni hasara ya leo na ya miaka inayofuata. Na uliza kama kuna mtoto aliyepunguza masomo ili asaidie nyumbani.

Kuthamini muda wa kuuguza kuna njia mbili. Ya kwanza ni kipato alichokosa anayeuguza. Ya pili ni mshahara ambao ungelipwa mtu wa kuajiriwa kufanya kazi hiyohiyo. Ya kwanza humpa sifuri mama wa nyumbani na mstaafu, na hilo silikubali hata kidogo. Toa hesabu zote mbili, kando kwa kando.

---

Kipimo_Kaya ameandika:

Asanteni sana. Nimeondoa swali la 1 hadi 10. Mawili yamebaki. Kwanza, wagonjwa wa kumbukumbu wataweza kujibu mwanzoni lakini pengine si mwezi wa 12. Pili, ile namba moja. Nimefikiria kujumlisha EQ-5D, Zarit na asilimia ya matumizi baada ya kuzigeuza zote kuwa 0 hadi 100.

---

Mstari_Mteremko amejibu:

Usijumlishe, mkuu. Ukifanya hivyo umeamua kimyakimya kwamba alama 10 za uchovu ni sawa na alama 10 za umaskini, na hakuna aliyekupa kiwango hicho cha kubadilishana. Baya zaidi, vitu vinakwenda pande tofauti. Familia ikiajiri msaidizi, Zarit inashuka na gharama zinapanda. Jumla inasimama palepale na wewe unasema hakuna kilichotokea. Wape wafadhili safu tatu katika mchoro mmoja: mgonjwa, anayeuguza, fedha. Nao waone kaya moja ikibadilishana hiki kwa kile.

Kama lazima namba moja iwepo, iwe ya afya tu, kwa QALY, yaani miaka ya maisha iliyopimwa kwa ubora wake. Unachora thamani za EQ-5D kwa muda na kupima eneo lililo chini ya mstari. Mfano: mgonjwa ana 0.82 mwanzoni, 0.64 mwezi wa 6, 0.50 mwezi wa 12. Nusu ya kwanza ya mwaka ni wastani wa 0.82 na 0.64, mara 0.5, sawa na 0.365. Nusu ya pili ni wastani wa 0.64 na 0.50, mara 0.5, sawa na 0.285. Jumla 0.65. Lakini hasara si 0.82 kutoa 0.65, kwa sababu hata asiyeumwa hushuka kidogo kwa mwaka. Ukiwa na watu wa kulinganisha wa umri huohuo waliotoka 0.82 hadi 0.80 hadi 0.79, wao wamepata karibu 0.80. Hasara ya ugonjwa ni tofauti, 0.15 hivi, sawa na siku 55 za afya kamili. Fanya hivyohivyo kwa anayeuguza, na uripoti hizo mbili bega kwa bega.

Ndiyo maana kaya 150 zenye wagonjwa bila kaya za kulinganisha hazitakutosha. Watu huandikishwa wakiwa katika siku mbaya, wametoka kulazwa juzi. Baadhi watapanda wenyewe mwezi wa 6 kwa kurudi kwenye wastani wao, na utadhani kuna nafuu. Hata kaya 50 za kulinganisha zitakuokoa.

Vifo. Utapata vifo, na namna utakavyovishughulikia itaamua matokeo yako. Mgonjwa aliyekuwa na 0.64 mwezi wa 6 akafa mwezi wa 9: mstari unashuka hadi 0 mwezi wa 9 na kubaki 0. Ukimtoa kwenye hesabu, waliobaki ni wenye nguvu, na wastani wa kundi unapanda kadiri watu wanavyokufa. Kwa upande wa anayeuguza ni kinyume: Zarit baada ya kifo isiandikwe 0. Hakuna tena wa kuuguza, kwa hiyo kipimo hakihusiki. Iandike "haihusiki" na uendelee na EQ-5D na PHQ-9, ambavyo vitaonyesha msiba.

Sampuli pia. Ukihoji wawili kwa kaya, hujapata watu 300 huru, kwa kuwa majibu ya nyumba moja hufanana. Kigawanyo ni 1 + (m − 1) × ρ, ambapo m ni idadi ya wahojiwa kwa kaya na ρ ni mfanano wa majibu yao. Kwa m = 2 na mfanano wa 0.4 ni 1.4, basi 300 zako zina nguvu ya 214. Upotevu wa asilimia 15 kila ziara utakuacha na kaya kama 127, kisha 108. Wanaopotea huwa ndio waliozidiwa zaidi. Chukua namba za simu za watu wawili walio nje ya kaya.

Napingana kidogo na Ngazi_Tano: EQ-5D inauliza leo. Mgonjwa wa moyo ana siku nzuri na mbaya, na ziara moja kila miezi 6 inaweza kuangukia siku yoyote. Ongeza WHODAS 2.0 ya maswali 12, dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima ugumu wa kufanya shughuli za maisha. Inauliza siku 30, kila swali 0 hadi 4, jumla 48, na huchukua dakika kama 5. Au kama muda unaruhusu, ile ya 36, kwa dakika kama 20. Ina maswali mawili ambayo ile fupi haina: afya yako imemaliza fedha zenu kwa kiasi gani, na familia imepata shida kiasi gani kwa sababu ya afya yako. Hapo unasikia mgonjwa mwenyewe anavyoiona familia yake ikiumia, na maumivu hayo hayaonekani penginepo.

---

Ngazi_Tano amejibu:

Nakubali kuhusu WHODAS. Kwa kaya hizi ningechukua ya 36.

Kuhusu wagonjwa wa kumbukumbu: mwanzoni mhoji mgonjwa na pia mtu anayejibu kwa niaba yake, hata kama mgonjwa anajieleza vizuri. Ukisubiri hadi ashindwe, mwezi wa 12 utakuwa na mhojiwa mwingine, na tofauti ya alama itakuwa mchanganyiko wa ugonjwa na mabadiliko ya mdomo unaojibu. Ukiwa na wote wawili mwanzoni unajua pengo lao. Kwa mambo yanayoonekana, kama kutembea na kuvaa, hukaribiana. Kwa maumivu na huzuni huachana, na ndugu kwa kawaida huona hali ni mbaya kuliko mgonjwa anavyosema. Anayeuguza aliyechoka sana huiona mbaya zaidi, kwa hiyo Zarit yake iingizwe kwenye hesabu unapotumia majibu yake.

Amueni pia swali linaulizwa vipi. "Wewe unaonaje hali yake?" na "Yeye angejibu nini?" ni maswali mawili tofauti, na EQ-5D ina toleo kwa kila moja. Chagueni moja, na mhojaji asiruhusiwe kuchanganya.

Na kumbuka mgonjwa huzoea. Aliyepooza mkono miezi 12 iliyopita anaweza kukupa 70 kwenye kipimio cha wima, sawa na mwanzoni, ilhali Lawton imeshuka kutoka 7 hadi 4. Usimwone mwongo wala usikifute kipimo. Kipimo cha ndani ya kichwa chake kimehama. Mwezi wa 12 muulize: "Ukikumbuka tulipokuja mara ya kwanza, ungesema siku ile ulikuwa wapi hapa?" Tofauti kati ya jibu hilo na alilotoa siku ile ndiyo kiasi cha kuzoea.

---

Tafsiri_Sahihi amejibu:

Naongeza ya lugha, maana dodoso zuri huharibika mdomoni.

"Saa mbili" ni muda na ni wakati. "Ulimhudumia saa mbili" mwingine ataandika masaa mawili, mwingine saa mbili asubuhi. Kwa muda andikeni "masaa", hata kama mwalimu wa lugha atanuna. Kwa wakati tumieni saa ya Kiswahili pamoja na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kwenye simu ya kukusanyia data pasiwe na saa ya tarakimu inayoanzia usiku wa manane. Bila hivyo "saa 8 usiku" itaingizwa kuwa 20:00 badala ya 02:00.

"Wiki iliyopita" kwa wengi ni Jumatatu hadi Jumapili. Semeni "siku saba zilizopita, kuanzia jana kurudi nyuma".

"Kuumwa" ni kuugua na ni kusikia maumivu. Ukiuliza "unaumwa?" mtu wa kisukari asiye na maumivu atasema ndiyo. Ulizeni "unasikia maumivu mwilini?"

"Sonona" wapo wasioijua. Mahali pa maelezo, si mahali pa swali rasmi, mhojaji awe na maneno ya ziada yaliyokubaliwa: kuwa na mawazo mengi, kukosa raha, kukata tamaa. Yawe hayohayo kwa wahojaji wote.

Msiulize kipimio cha wima mara tu baada ya kusalimiana. Mtu aliyetoka kusema "sijambo, namshukuru Mungu" hatageuka dakika ileile aseme 35. Wekeni baada ya maswali matano ya EQ-5D, ndipo mpangilio wake rasmi ulipo.

Na neno "mzigo" msilitamke. Kumwita mama yake mzigo hakuna atakayekubali. Kichwa cha dodoso kwa anayejibu kisomeke "maisha ya anayeuguza".

---

Kipimo_Kaya ameandika:

Nimepata mengi. Moja la mwisho: tukiweka yote haya, ziara haitazidi saa mbili? Nimesema masaa mawili!

---

Shuka_Safi amejibu:

Haizidi ukienda na wahojaji wawili kwa wakati mmoja. Mmoja anakaa na mgonjwa: EQ-5D, WHODAS ya 36, Katz na Lawton, kisha mwendo wa mita 4. Hiyo ni dakika 45, ukimpumzisha katikati. Mwingine anatoka nje na anayeuguza: orodha ya watu, masaa, Zarit, EQ-5D, PHQ-9, dakika 40. Akimaliza anamfuata anayeshika fedha kwa dakika 20. FROM-16 ya yule asiyeuguza inafanyika kwa simu siku nyingine.

Mwendo usiwe mwanzo wala baada ya kuketi muda mrefu bila kunyoosha miguu. Mpe dakika chache za kusimama kwanza, na mtu asimame upande wake dhaifu, nyuma kidogo, bila kumshika. Mgonjwa akichoka, kata WHODAS ubakize maswali 12 yaliyomo ndani ya zile 36, na uandike kwamba umekata. Kwa sababu hiyo chapeni hayo 12 kwa rangi tofauti, ili mhojaji asiyatafute wakati mgonjwa anasinzia.